Jicho Halijui Zamu

Wewe uliyetoka hospitali leo na kichupa kidogo ndani ya bahasha ya karatasi, umeambiwa una presha ya macho na dawa ni ya maisha, kaa hapa karibu yangu. Sitakwambia usiogope. Mimi niliogopa, na juu ya woga nikawa na wivu, na kati ya hivyo viwili ni wivu uliotaka kunimaliza. Habari za dawa wapo wengi wa kukufundisha. Hakuna atakayekwambia kwamba ugonjwa huu ukishaingia nyumbani unamgusa kila unayeishi naye, hata yule ambaye hukutaka kuishi naye.

Nauza vifungo, zipu na nyuzi za cherehani hapa Kariakoo, kwenye korido ya jengo moja jirani na Msimbazi. Mume wangu, Baba Rehema, anatengeneza cherehani mbovu kwenye meza iliyo mkono wa kulia wa duka langu. Mafundi wananiletea kipande cha kitambaa na mimi nawatafutia uzi wa rangi ile ile. Bluu iliyoiva na bluu iliyochuja, mimi nazitofautisha hata umeme ukikatika. Hiyo ndiyo sifa yangu sokoni, na sifa nyingine sina.

Nilijua naumwa kwa kugongwa na mkokoteni. Mara ya kwanza nilimtukana msukumaji. Mara ya pili nikamtukana mwingine. Mara ya tatu yule msukumaji hakujibu tusi, alinitazama tu akasema, "Mama, nimekupigia mluzi kuanzia kule kwenye kona. Unanitazama halafu unaniingilia." Alikuwa amekuja upande wa kushoto. Wote watatu walikuja upande wa kushoto. Nilipofika nyumbani Mchafukoge, nikaziba jicho la kulia kwa kiganja, nikatazama sebule yangu kwa la kushoto. Niliona pembe ya kabati na mguu mmoja wa meza, basi. Vingine vyote vilikuwa ukungu.

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo kuliko Rehema wangu, lakini hakunizungusha. Alisema jicho la kushoto limechelewa na kilichoenda hakirudi. Tulichobaki nacho ni jicho la kulia, na lenyewe limeshaanza kuliwa pembeni. "Hili ndilo tunalolipigania, mama," akasema. Nikaitikia kwa kichwa.

Kama hujakaa bado kwenye lile benchi la kliniki ya macho, utalikaa. Unatiwa dawa ya kupanua mboni, halafu mnakaa pale mmefumba macho, kila mtu kashika karatasi asiyoweza kuisoma. Hapo ndipo nilipojifunza kuwaonea wivu watu nisiowajua. Nilimwonea wivu hata mwenye mtoto wa jicho, kwa sababu huyo anafanyiwa upasuaji, bandeji inatolewa, anaona wajukuu, watu wanapiga vigelegele. Sisi wa presha ya macho hatupigiwi vigelegele. Sisi tukifanikiwa sana, tunabaki tulivyo.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Buguruni, tulipewa dawa moja siku moja. Tuliporudi kupimwa, presha yake imeshuka, ameambiwa aendelee hivyo hivyo. Mimi yangu iko juu. Akanishika bega, "Mwenzangu, Mungu mwema." Nikasema amina, lakini rohoni niliona amebebwa.

Dawa yenyewe ni tone moja kila siku saa mbili usiku. Sitakuchosha na utaalamu, lakini hili daktari alinieleza vizuri na nataka ulishike. Jicho linatengeneza maji yake ndani kwa ndani, na maji hayo yana mahali pa kutokea, kitu kama chujio la tui. Tofauti ni kwamba chujio hilo ni hai. Limejengwa na seli, na kwa watu kama sisi hizo seli zinachoka na kukakamaa, njia inaziba kama chujio lililojaa machicha, maji yanajaa, jicho linabanwa. Dawa inazilainisha zile seli na kupunguza ule utando unaozibana, maji yapate upenyo. "Lakini haizibadilishi moja kwa moja," daktari akasema. "Ukiiacha, zinarudi kukakamaa." Nilimsikia. Kumsikia hakukuwa tatizo langu.

Tatizo langu ni kwamba siwezi kujitia kitu machoni. Mkono unatetemeka, na kope zinafumba kabla tone halijatoka. Kwa hiyo Baba Rehema akawa ananiwekea. Yeye maisha yake yote anatia mafuta kwenye vitundu vya cherehani, mkono wake umezoea matone. Ananikalisha kwenye kiti, ananishika kidevu, tone, kwisha, anarudi kwenye taarifa ya habari. Sioni haya kusema kwamba nilizipenda dakika hizo. Tangu alipooa mke wa pili hakuwa amewahi kunishika kidevu.

Huyo mke wa pili ni Salma, mtu wa Lindi. Anachukua samaki Feri asubuhi, anawakaanga na kuwauza barazani kwake, kule chini Msimbazi. Alipoolewa, mimi sikufanya fujo, sikuvunja sahani, na watu wakanisifu kwamba nina moyo. Moyo gani? Nilikuwa nimekauka tu. Mume tuligawana kwa zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na katika hilo Baba Rehema ni mwadilifu, haongezi wala hapunguzi. Siku za kwake, ikifika saa moja anafunga meza yake, ananiaga vizuri, anaelekea kushoto. Siku zangu tunaelekea wote kulia.

Umeshaelewa ninakokwenda. Siku za Salma sikuwa na wa kuniwekea dawa.

Nilijaribu mwenyewe. Nalala chali, nainua kichupa, nabana. Tone la kwanza shavuni. La pili kwenye unyusi. La tatu sijui lilikokwenda, nahisi unyevu karibu na jicho, nasema limeingia, yatosha. Kichupa cha mwezi kikawa kinaisha kabla ya mwezi. Rehema akipiga simu kutoka Mbeya alikoolewa, "Mama, umeweka dawa?" najibu, "Nimeweka." Na kuweka nilikuwa nimeweka, shavu langu ni shahidi.

Utauliza kwa nini sikumwita jirani. Wewe hujakaa nyumba yenye ngazi moja na familia sita. Nikimwita jirani siku hizi na siku zile nisimwite, nimemtangazia leo mume wangu kalala wapi. Wanajua, ndiyo, lakini kujua kwao na mimi kuwagongea mlango kuwakumbusha ni vitu viwili.

Basi masika ikapita hivyo. Nikaenda kliniki, presha iko juu. Daktari akasema tuipe dawa muda. Kikaja kile kibaridi cha katikati ya mwaka, nikarudi, bado iko juu. Safari hiyo wakaniingiza kwenye kile kipimo cha vitaa, unatazama katikati na kila ukiona kitaa kimewaka pembeni unabonyeza. Nilikaa mle ndani kimya kirefu nikisubiri vitaa, nikadhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Jicho la kulia lilikuwa limepoteza sehemu nyingine.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimebadilika, kope. Dawa hii inarefusha kope, utaona na wewe. Za kwangu za kulia zikarefuka, zikajikunja, nyeusi tititi. Mafundi wakaanza utani, "Mama Rehema, kope hizo unabandika saluni gani?" Na Salma mwenyewe, siku aliyopita dukani kumletea Baba Rehema chakula, akanitazama akasema, "Shikamoo dada. Kope zako nzuri, jamani." Nikaitikia marahaba na nikashinda siku nzima nimefurahi. Fikiria upumbavu huo. Jicho linakufa na mimi nafurahia mapazia yake.

Siku ya majibu ya vitaa daktari hakuandika dawa mpya. Aliweka kalamu chini, akamtazama Baba Rehema aliyekuwa amekaa nyuma yangu.

"Nani anamwekea dawa mama?"

"Mimi," Baba Rehema akajibu.

"Kila siku?"

Akakohoa. "Siku zangu za kuwa pale."

Daktari akanigeukia mimi. Nikatazama ukutani. Akauliza taratibu siku nyingine yuko wapi, na Baba Rehema, mwadilifu wa watu, akaeleza zamu yote kama anaeleza ratiba ya treni. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama, jicho halijui zamu. Siku mbili unazilainisha zile seli, siku mbili unaziacha zikaze. Mpaka sasa sijui kama dawa imekushinda au hujaitumia. Nataka nijue kabla sijakupeleka kwenye upasuaji, maana jicho hili ndilo pekee, na upasuaji nao una hatari zake." Akanipa mpaka vuli. Presha ikiwa bado juu, anapasua.

Nje ya geti Baba Rehema akasema kilichokuwa kinamkereketa tangu ndani. "Siku nisizokuwepo, Salma aje akuwekee. Kwake na kwako ni hatua tu."

"Salma asikanyage kwangu."

"Ni tone moja, Mama Rehema."

"Basi njoo uliweke wewe, halafu urudi kwake."

Akatikisa kichwa. Kwa sheria yake, siku ya mtu ni siku ya mtu, hata dakika haimegwi. Mimi ndiye niliyemshikisha sheria hiyo mwanzoni, nilipoogopa kupunjwa, kwa hiyo sikuwa na pa kushika. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mimi niliulizwa na uji wenyewe nikaukataa.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa dukani, Baba Rehema kaenda kutafuta springi. Mbele yangu kwenye korido anauza lesi Mama Asha, rafiki yangu wa siku nyingi, na mimi nikawa namwagia yote. Nikamwambia yule mwanamke ananuka samaki mpaka kwenye mtandio. Nikamwambia mume akirudi kutoka kule naanika shati lake nje kabla sijalifua. Nikasema bora nipofuke kabisa kuliko mkono ule kusogelea jicho langu, kwa sababu anachotaka ni nisione anavyofaidi. Mama Asha alikuwa ananikunjia uso na kung'ata mdomo. Nikadhani jino lake limemrudi.

"Shikamoo dada."

Sauti ilitoka kushoto, karibu kabisa na sikio. Niligeuza kichwa chote na Salma akaingia kwenye jicho zima kidogo kidogo, bega, kisha hotipoti ya chakula mikononi, kisha uso.

"Marahaba," nikasema. "Umefika saa hizi?"

"Nimefika tangu kwenye samaki."

Mama Asha akainamia lesi zake. Salma hakuwa amekasirika kama nilivyotarajia. Alikuwa ananiangalia jicho la kushoto, akasogeza mkono wake polepole pembeni ya uso wangu, na mimi sikuuona mpaka ulipogusa ushungi.

"Nimesimama hapa karibu hivi na hukuniona," akasema.

"Sikukuona."

Akaweka hotipoti juu ya meza ya Baba Rehema. "Leo ni siku yangu. Saa mbili nakuja kwako kukuwekea dawa. Ukitaka tugombane, tutagombana ikishaingia."

Aibu niliyoipata siku ile ni kubwa, sikatai. Lakini aibu haikunifanya nifungue mlango. Nilikaa mchana kutwa nikiziba jicho moja moja, nikifikiria kwamba siku moja watu watasimama hivyo mkono wangu wa kulia pia, na fundi atanipa kitambaa, nami nitamwuliza ni rangi gani. Saa mbili hodi ikapigwa. Nikasema karibu.

Alikuja ameoga, amevaa baibui safi, na mikono ameisugua kwa ndimu kuondoa harufu ya samaki. Aliyasikia yale, ndiyo maana. Aliponishika kope kuifungua, ile ndimu ikaingia jichoni kabla ya dawa. Jamani. Nilidhani ndiyo mpango wenyewe, kaja kunimaliza kwa adabu. Nilipiga kelele jengo zima likasikia, na majirani niliokuwa nawaficha miezi yote wakaja mlangoni wamejaa. Salma akanibeba mpaka bombani, akanimwagia maji jichoni huku analia, "Nilitaka nisinuke, dada, nilitaka nisinuke." Yeye analia, mimi nalia, na mimi kwa upande wangu ni ndimu.

Jicho lilipotulia, akanawa upya kwa sabuni tupu na maji mengi. Halafu akakaa kwenye mkeka, akapiga paja lake. "Njoo ulale hapa. Kwenye kiti utaruka tena. Kwetu dawa ya macho mtu anawekewa pajani."

Kichwa changu, kwenye paja la mke mwenzangu. Mlango ulikuwa bado wazi na mama wa ghorofa ya tatu anachungulia. Nikalala. Akavuta ngozi ya chini ya jicho kidogo, ikawa kama mfuko, akadondosha tone ndani ya mfuko ule, akaniambia nifumbe, akabana kona ya ndani karibu na pua kwa kidole akaacha hapo, kama daktari alivyokuwa amesema na sisi hatukuwahi kufanya. Tone lote liliingia. Wala sikupepesa. Na mikono ilinuka samaki, kidogo tu.

Usidhani baada ya hapo tulipendana. Siku alizokuja nilimchelewesha makusudi. Nikishawekewa namwambia subiri chai, na chai yangu siku hizo ilichelewa kuchemka, maana nilijua kule Msimbazi kuna mwanaume kakaa na njaa anasubiri. Alijua ninachofanya. Alikunywa chai, akaomba na kikombe cha pili. Tukawa tunaongea kwa kukosa la kufanya, nikajua kwamba naye siku zangu halali vizuri, anahesabu. Hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Ramadhani ilipoingia alikuja baada ya tarawehe, na siku moja akaja na sambusa za samaki. Nilizila na sikusema ni tamu, ingawa zilikuwa tamu.

Taratibu nikaona kitu kingine. Siku za Baba Rehema, lile tone lake la haraka kwenye kiti linaangukia kope, nusu linashuka shavuni. Siku zote lilikuwa hivyo, mimi nilikuwa nasikiliza mkono kwenye kidevu. Nikamwambia hata siku zetu Salma awe anakuja kuniwekea.

"Kwa hiyo mimi kazi yangu nini?" akauliza, na kweli aliumia.

"Wewe kaa ule."

Mvua za vuli zilipoanza tulirudi kliniki, na Salma safari hii akaja. Tulikaa benchi moja sisi watatu, na watu wakatutazama wakipiga hesabu. Daktari akapima jicho la kulia, akapima tena, akaniambia presha imeshuka hadi alipokuwa anataka. Kipimo cha vitaa kikaonyesha hakijapotea kingine. Upasuaji ukawekwa kando. Hakuna aliyepiga kigelegele. Akauliza nani amekuwa anaweka dawa, Baba Rehema akasema tunasaidiana, nami nikasema, "Ni huyu hapa, mke mwenzangu." Daktari akasema nimpe asante. Sijampa mpaka leo, akizoea ataanza kujiona.

Haya niyaseme kabla sijasahau. Tafuta mtu mwenye mkono mtulivu, hata kama humpendi. Anawe kwa sabuni, ndimu abaki nayo jikoni. Kichupa kikae mahali pa baridi. Wapeleke wanao na ndugu zako wakapimwe, maana ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Rehema ameshapimwa, yuko salama kwa sasa. Na siku ya dawa ni kila siku.

Juzi Salma alichelewa. Saa mbili ikapita, mimi nimeshatandika mkeka, nachungulia dirishani. Alipoingia anahema, akaniambia jirani yake mmoja, Bi Tatu, amekutwa na ugonjwa wetu, hana wa kumwekea, kwa hiyo ameanza kupita kwake kwanza.

Kuna kitu kilinipanda kifuani, nikakifahamu vizuri, maana tumeishi nacho miaka. Nikajilaza, nikaweka kichwa mahali pake.

"Huyo Bi Tatu," nikamwuliza, "na yeye unamlaza pajani?"

Salma alicheka mpaka kichupa kikamtetemeka mkononi, ikabidi akiweke chini kwanza.

"Bi Tatu anakaa kwenye kiti, dada."

"Haya," nikasema, nikafungua jicho.